Coltrane na Fundi Aliyemharibia Sauti

Kuna uchungu unaoshinda ule wa kuibiwa simu. Ni wa kuipeleka simu kwa fundi ikiwa inafanya kazi vizuri, kwa sababu umetaka iwe bora kidogo tu, halafu unarudishiwa maiti. Yamenipata. Kioo changu kilikuwa na mkwaruzo. Mkwaruzo tu, si ufa. Jamaa mmoja katikati ya jiji akaifungua, akaifunga, akachukua pesa zake, na tangu siku hiyo spika haijasema neno. Kurudi kulalamika, naambiwa niliileta hivyo.

Au fikiria kinyozi. Umekaa kitini, laini ya mbele iko sawa, lakini unamwambia ainyooshe kidogo. Anakata kushoto, anaona kulia kumebaki juu. Anakata kulia, sasa kushoto ndiko kumezidi. Ukija kujitazama, paji la uso limefika utosini. Lakini nywele angalau huota tena. Chuma hakioti.

Shikilia hiyo picha, kwa sababu leo nataka tumwongelee John Coltrane, na kitu kidogo kuliko kidole gumba chako ambacho kilimnyima usingizi.

Kama humjui, si kosa lako. Hakuna matatu inamcheza. Alikuwa Mmarekani mweusi mpiga saksafoni aliyeishi miaka 40 tu, akafa 1967. Mtu yeyote anayeshika saksafoni leo, awe klabu ya New York au kanisa la mtaani kwenu, kuna kitu amemkopa, ajue asijue.

Alizaliwa Septemba 23, 1926, katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, akalelewa High Point, jimbo hilo hilo. Ilikuwa Marekani ya Kusini ya wakati ule, mahali ambapo mtu mweusi alitengewa shule yake, mlango wake na kiti chake cha nyuma. Baba alikuwa mtu wa nguo, na akifunga kazi alipenda kupiga ala za nyuzi nyumbani. Babu mzaa mama alikuwa mchungaji. Desemba 1938 babu akafa. Majuma matatu baadaye, mwanzoni mwa Januari 1939, baba naye akaenda. Kijana alikuwa na miaka 12.

Mwaka huo huo ndio aliingia kwenye bendi ya mtaani. Akaanza na ala ya shaba, akahamia klarineti, halafu saksafoni. Mimi si mwanasaikolojia, nimeacha chuo hata kabla ya kufika mwaka wa pili, lakini kijana anayezika wanaume wawili wa nyumba yake kisha anashika kitu cha kupuliza na hakiachi tena maisha yake yote, hiyo huhitaji digrii kuielewa.

1943 akahamia Philadelphia. Akatumikia jeshi la majini kule Hawaii mwaka mmoja hivi, akipiga kwenye bendi ya wanamaji, akarudi 1946 na kuanza kuzunguka na bendi za watu. Na alifanya mazoezi kama mtu anayedaiwa. Wenzake walisimulia jinsi alivyolala na saksafoni bado iko shingoni. Usiku majirani wakilala, alibonyeza vitufe bila kupuliza, vidole vinakimbia na sauti hakuna.

Sasa ngoja nikuoneshe kile kitu kidogo. Nivumilie, hapa ndipo hadithi yote imelala.

Saksafoni unayoiona, ile shingo ya bata iliyopinda na vitufe vyote vile, haitoi sauti. Yenyewe ni bomba. Sauti huzaliwa kwenye kipande unachotia mdomoni, tukiite kinywa. Upande wa chini wa kinywa kuna sehemu bapa, na hapo hufungwa kijibanzi cha tete kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja. Tukiite kilimi. Klarineti nayo hutumia mpango huo huo, tofauti ni umbo na ukubwa.

Ukiutazama uso wa kinywa kwa haraka utadhani umenyooka. Haujanyooka. Kuanzia mahali sehemu bapa inapoishia, uso huanza kuteremka polepole, ukijitenga na kilimi, hadi kwenye ncha kabisa ambako kunabaki mwanya. Kwenye saksafoni ya tena, aliyopiga Coltrane, mteremko huo una urefu wa sentimita mbili na kitu, na mwanya wa ncha huwa milimita mbili hadi tatu hivi. Kwenye klarineti mwanya ni kama milimita moja. Ukipuliza, kilimi hulala juu ya ule mteremko, kinaziba mwanya, kinaruka nyuma, kinaziba tena, mamia ya mara kwa sekunde. Kila noti unayoisikia ni kilimi kikijikunja juu ya mteremko huo na kurudi.

Kwa hiyo umbo la mteremko ndilo kila kitu. Ukiwa na kinundu mahali, hata kidogo kiasi gani, kilimi kinagonga pale na kukataa. Kingo mbili za pembeni zisipokuwa sawa, upande mmoja unafunga kabla ya mwingine na ala inapiga yowe kama breki za lori. Mwanya ukiwa mkubwa mno kwa kilimi ulichonacho, utapuliza hadi uone nyota. Ukiwa mdogo mno, sauti inabanwa kama mtu anayeongea akiwa ndani ya blanketi.

Mafundi wanaochonga miteremko hii wana vifaa ambavyo ukivitazama utacheka. Kipande cha kioo chenye mistari ya kupimia. Vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo fundi wa magari hutumia kupima mwanya wa plagi. Karatasi ya msasa iliyolazwa juu ya kioo bapa. Basi. Unalaza kinywa juu ya kioo chenye mistari, unasukuma kibamba kati ya kioo na mteremko hadi kikwame, unasoma kimekwama mstari gani. Unachukua kibamba kinene zaidi, unasoma tena. Namba hizo zikipangwa zinakuonesha mteremko unavyokwenda. Kibamba chembamba kuliko vyote katika seti inayojulikana sana kina unene wa karibu sehemu 4 kati ya 100 za milimita, yaani chembamba kuliko unywele wa kawaida. Halafu unasugua kinywa kwenye msasa, mara tatu, mara nne, unapima tena, unapuliza, unasikiliza.

Mara tatu. Si mara thelathini. Ukizidisha kidogo hapa, umehamisha mahali pote ambapo kilimi kinalala. Fundi anaweza kuchonga upya na kutafuta mteremko mwingine mzuri, lakini ule wa mwanzo umebaki vumbi kwenye msasa. Huo hauurudishi.

Turudi kwa mtu wetu.

Kufikia 1955 alikuwa kwenye bendi ya Miles Davis, na hapo ndipo dunia ilianza kuuliza huyu ni nani. Lakini pia alikuwa mtumwa wa heroini, kama vijana wengi wa jazi wa kipindi kile, na pombe juu yake. Miles mwenyewe alikuwa ameuacha unga miaka michache nyuma, hakuwa na subira. 1957 akamfuta. Coltrane akarudi Philadelphia, akajifungia nyumbani na kuacha ghafla bila dawa za kumsaidia. Hakufanya sherehe kuhusu hilo. Alitoka, akaenda kupiga na Thelonious Monk kwenye klabu ya Five Spot, New York, miezi kadhaa mfululizo, na waliomsikia walijua kuna kitu kimefunguka.

Kilichofunguka ni kasi. Sio ile ya kujionesha tu. Alitaka kupitia noti zote zinazowezekana katika koodi moja kabla koodi haijabadilika, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni huku mlango unajifunga. Mwandishi mmoja mwaka 1958 alilinganisha sauti hiyo na mashuka, yaani noti nyingi hadi husikii moja moja, unasikia kitambaa kizima. Mwaka 1959 akarekodi Giant Steps. Isikilize hata kama hupendi. Koodi zinabadilika kasi hadi mpiga piano, Tommy Flanagan, mtu hodari kabisa, zamu yake inapofika anasikika akikwama na kuokota koodi moja moja. Coltrane anapita katikati yake kama boda anayejua kila kichochoro.

Kasi ya aina hiyo haiwezekani bila kilimi kinachoitika papo hapo. Kidole kikigusa, noti iwe imeshatoka. Ndiyo maana alikuwa na ugonjwa wa vinywa na vilimi; alibadilisha, akajaribu, akarudia, akatafuta. Kwa miaka mingi alipiga vinywa vya chuma vya Otto Link, na kimoja alichokuwa nacho kilimkaa kama kiatu cha zamani.

Na hapa sasa ndipo alifanya kosa langu la simu. Alikipeleka kirekebishwe.

Hakikuwa kimeharibika. Alitaka kiwe kizuri zaidi. Kilirudi kimeharibiwa. Habari hii hatukuipata kwenye uvumi. Alihojiwa mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya kufa, na akaeleza mwenyewe kwamba kazi iliyofanywa kwenye kinywa chake ilikiua, kwamba kulikuwa na mambo ya kasi aliyokuwa anayakaribia na kinywa hicho kikamzuia, na kwamba jambo hilo lilimvunja moyo kidogo. Elewa huyu ni nani anayesema hivyo. Ni mtu aliyeacha heroini kwa kujifungia chumbani. Hakuwa mlalamishi.

Angalia pia wakati wenyewe. Novemba 1961 jarida la DownBeat, ambalo kwa watu wa jazi lilikuwa kama gazeti la serikali, lilichapisha mwandishi aliyemshutumu Coltrane na mwenzake Eric Dolphy kwamba wanaliua jazi. Kwa hiyo huku nje anaambiwa anapiga noti nyingi mno, na ndani, noti zenyewe zinaanza kumkatalia.

Desemba 21, 1961, akaingia kwenye studio ya Van Gelder huko New Jersey na bendi yake, wakiwemo McCoy Tyner kwenye piano na Elvin Jones kwenye ngoma. (Siku 12 tu kabla, Tanganyika ilikuwa imepata uhuru. Coltrane alikuwa amepiga kwenye rekodi iitwayo Tanganyika Strut mwaka 1958, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Majina ya Afrika yamejaa kwenye kazi zake, na hata moja ya maonesho yake ya mwisho, Aprili 1967, alipigia kwenye kituo cha utamaduni wa Kiafrika cha Mnijeria Olatunji kule Harlem.) Siku hiyo, badala ya moto, akarekodi wimbo wa mapenzi wa polepole. Mwaka uliofuata, Septemba na Novemba, akarudi kurekodi zingine za aina hiyo. Jumla zikawa nyimbo 8, albamu ikaitwa Ballads, ikatoka 1963.

Mtayarishaji wake, Bob Thiele, alikuwa na maelezo yake: wakosoaji walikuwa wanapiga kelele, basi yeye akaona wawape kitu kitulivu wanyamaze. Sioni sababu ya kuchagua moja kati ya hayo mawili. Mtayarishaji ana sababu zake za kibiashara, msanii ana kinywa kilichokufa mfukoni, wote wanakutana kwenye mlango mmoja. Katika kipindi hicho hicho, Septemba 1962, alirekodi na mzee Duke Ellington, na Machi 1963 na mwimbaji Johnny Hartman. Albamu tatu mfululizo za utulivu kutoka kwa mtu aliyejulikana kwa dhoruba.

Sasa hapa nina neno. Ukisoma watu wakisimulia kisa hiki, wengi hukigeuza kuwa ushuhuda wa kanisani: kinywa kiliharibika, lakini tazama, baraka ikatokea, Ballads ikazaliwa. Mimi sinunui. Ballads ni tamu, nakubali, huenda ndiyo rekodi yake ambayo hata mama yako angeipenda. Lakini muulize yeye. Alikuwa njiani kwenda mahali, anapaona, na njia ikakatwa. Hatujui hapo mahali pangesikika vipi. Mtu akipoteza mguu akajifunza kuchora, usimpongeze kwa kupoteza mguu.

Ninachokisikia mimi kwenye Ballads si amani. Sikiliza wimbo wa kwanza, Say It. Anapiga melodi karibu kama ilivyoandikwa, hapambi, hakimbii. Kila noti anaiweka chini kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anajaribu jiwe kwanza, ndipo anaweka uzito. Zamani angeruka mawe matano kwa mpigo. Hiyo tahadhari ndiyo inanishika kooni. Kipaji chote bado kipo, pumzi ipo, sikio lipo, na mwenye navyo anatembea taratibu kwa sababu hamwamini tena mwenzake wa milimita mbili.

Alitafuta kingine cha kufanana na kile. Na kama umewahi kutafuta kitu kilekile ulichopoteza, si kinachofanana, kilekile, unajua inavyokuwa. Kiwanda kinaweza kutoa vinywa viwili siku moja, namba moja ubavuni, na visilingane, kwa sababu mkono wa binadamu ulivimalizia kwa tupa na msasa. Kile chake kilikuwa kimoja duniani.

Na mwishowe, kwa maelezo yake mwenyewe katika mahojiano yale, aliacha kusubiri. Aliamua kupiga tu na alichonacho. Hakupata tena kile alichokitaka, akaendelea bila hicho.

Desemba 9, 1964, bendi ile ile ikaingia studio ile ile jioni, na usiku mmoja ukatosha kurekodi A Love Supreme, sehemu nne za kumshukuru Mungu aliyemtoa kwenye unga mwaka 1957. Ukiwa na nafasi ya albamu moja tu ya jazi maishani, iwe hiyo. Hakuna wasiwasi ndani yake. Sauti ina kingo, inapasuka mahali, analia nayo, na kasi imerudi ingawa haifanani na ya 1959. Ile ya zamani ilikuwa safi kama hesabu. Hii ina kutu na damu. Kuanzia 1965 alikwenda mbali zaidi, kwenye muziki wa mayowe na vishindo ambao ulimfukuzia mashabiki wengi, na hata Tyner na Jones wakaondoka. Sitakudanganya, baadhi ya rekodi hizo siwezi kuzimaliza. Nazijaribu kila mwaka.

Alifariki Julai 17, 1967, Long Island, kwa saratani ya ini. Alikuwa bado hajafikisha 41. Aliacha mjane, Alice, mpiga piano na kinubi aliyekuwa kwenye bendi yake ya mwisho, na watoto wadogo. Mmoja wao, Ravi, alikuwa hajafikisha miaka miwili baba alipokufa. Naye leo ni mpiga saksafoni.

Nimeandika haya yote nikiisikiliza Ballads mwanzo hadi mwisho mara nne. Inachukua kama dakika 32, bando lako litatosha. Anza na Say It, na usiruke wimbo wa pili. Tumia visikizi kama mimi. Mimi sina chaguo, ile spika bado imenuna.